Mama wa Mbegu na Neno la Bulaya

Nilitoka Lubumbashi kwa treni siku ya Jumatano, nikielekea Kananga na paneli sita za sola nilizozifunga ndani ya blanketi. Nilikuwa nimeambiwa safari ni ya siku nne. Siku ya tano tulikuwa bado hatujaiona Luena. Mbele kidogo behewa moja likaruka reli, tukakaa porini siku sita tukiwangoja mafundi. Wanawake walisonga bukari, ugali wa kwetu, katikati ya reli, wanaume walicheza karata juu ya mizigo, na mbuzi mmoja alizaa ndani ya behewa letu. Mwenye mbuzi alituomba radhi kana kwamba amezaa yeye mwenyewe. Tulipoingia Kamina siku ya kumi na tatu, midomo yetu ilikuwa imepasuka na mashati yote yalikuwa na rangi moja, ya vumbi. Mkuu wa treni akatangaza kwamba injini ina shida ndogo, tutaondoka baada ya siku mbili. Nikateremka kutafuta maji ya kunywa. Nilikaa miaka kumi na moja.

Karibu na stesheni kulikuwa na kisoko cha wanawake. Nilimwendea wa kwanza niliyemwona, nikamwamkia kwa Kiswahili nilicholelewa nacho kule Kalemie, kando ya ziwa, na kukinyoosha shuleni: "Shikamoo mama, samahani, maji ya kunywa yanapatikana wapi?"

Kisoko kizima kilicheka. Muuza mkaa mmoja akapiga makofi. "Eeh! Musikilize huyu! Anasema Swahili ya Bulaya!"

Niliyemwuliza hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka sitini hivi wakati ule, kichwani kitambaa cha manjano, mbele yake mikunjo midogo ya karatasi za daftari iliyojaa mbegu. Alitikisa mkunjo mmoja karibu na sikio, akausikiliza, akauweka chini.

"Ya Bulaya wapi?" aliwauliza wenzake. "Iko Swahili ya ku ziwa. Ziwa na Bulaya njo kitu moja?" Huko Kamina ndiyo husemwa njo. Kisha akaniambia, "Kuya, mwana yangu. Maji iko kwa nyumba."

Maji yake yalikuwa baridi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba kitupu, na treni haikuondoka baada ya siku mbili wala baada ya wiki mbili. Ndivyo nilivyokuwa mpangaji wake.

Jina lake nilikuja kulijua, lakini sitaliandika. Kamina yote, kuanzia kambi ya reli hadi barabara ya kwenda Kaniama, ilimwita Mama wa Mbegu.

Msomaji wa mbali anaweza kudhani Bulaya ni Ulaya tu, ile ya kwenye ramani. Ndiyo, neno ni hilo. Lakini Kamina neno hili limefanya kazi nyingi mno. Viazi mviringo ni bilazi ya Bulaya. Kuku weupe wanaokuja ndani ya maboksi ni kuku ya Bulaya. Mvua ikinyesha katikati ya kiangazi, watu huitazama wakiwa mlangoni na kusema, mvua ya Bulaya hii. Mtu anayekula amefunga mlango ana tabia ya Bulaya. Kila kisichozoeleka, hata kama kimetoka kijiji cha jirani, hubandikwa neno hilo na kuachwa nalo. Nilipoanza kufunga paneli zangu juu ya mabati ya watu, wakaziita jua ya Bulaya, na jambo hilo lilimkera Mama wa Mbegu kuliko yote.

"Jua iko ya Mungu," alisema. "Kile kioo tu njo cha Bulaya. Fundi, usikubali."

Yeye hakukubali. Nadhani alikuwa mtu pekee mjini aliyelichukulia neno lile kama deni ambalo siku moja lazima liishe. Alikuwa na kibanda cha kuwekea mbegu, chenye mlango wa mbao. Upande wa nje wa mlango aliandika kwa chaki majina ya mbegu zote zilizokuwa bado za Bulaya. Upande wa ndani aliandika zile zilizokuwa za kwetu. Mbegu yoyote ngeni, iwe imeletwa na madereva kutoka Zambia, na wakimbizi kutoka Malemba, au na masista wa misheni, ilianzia nje. Aliipanda katika bustani yake misimu mitatu ya mvua. Ikivumilia, aliipika chungu kizima na kuwaita majirani. Hakuwaambia kitu. Alikaa pembeni kwenye kigoda na kusikiliza. Mtu mmoja tu akiuliza, "Nini hii?", mbegu ilirudi nje ya mlango kwa mwaka mwingine. Chungu kikiisha bila mtu kuuliza, aliinuka, akalifuta jina pale nje kwa kiganja, akaliandika ndani, bila neno Bulaya.

Nilishuhudia soya ikianguka mara moja na kupita mara ya pili. Safari ile ya pili aliitwanga ikawa unga, akaichanganya na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa. Watu wakala, wakalamba vidole, wakaenda kunawa. Alipokuwa anaandika ndani ya mlango, jirani yake, mwanamke mnene wa Kiluba aliyeitwa Mama Ilunga, akaligundua.

"Mama wa Mbegu! Uliificha ndani ya sombe! Njo kudanganya hiyo!"

"Sikudanganya. Umekula, hukukula?"

"Nimekula kitu sikukiona!"

"Na tumbo yako imelia?"

"Bado."

"Basi nenda, ukae na soya yako polepole."

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Yeye alibaki na uso uleule mkavu. Sikumbuki kumwona akicheka kwa sauti. Alipofurahi, alikuna chini ya kitambaa chake kwa kidole kimoja.

Biashara yake ilikuwa na sheria nyingine. Hakuuza mbegu bila kuuona udongo. Mtu akitaka maharagi au lengalenga, mchicha wa huku, aliambiwa arudi kwao akalete konzi ya udongo wa mahali anapotaka kupanda. Wageni walidhani ni uchawi, lakini wenyeji walikuja na udongo ndani ya leso, ndani ya kofia, hata ndani ya kiatu. Aliunusa, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Hii itaua karoti. Panda mihogo." Au: "Hii ulikoka moto juu yake. Ngoja mwaka." Siku moja alikuja karani wa ofisi, amevaa suti, mikono mitupu. Akaulizwa udongo uko wapi. Akasema yeye ana haraka, yeye ni mtu wa serikali. Mama wa Mbegu akamwambia, kwa heshima yote, kwamba serikali nayo inapanda ndani ya udongo. Karani akaondoka amekasirika. Jioni akarudi na pakiti tupu ya sigara iliyojaa mchanga.

Sitaki kumfanya kuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa maji wakati wa kiangazi, na mimi mpangaji wake nilipewa ndoo yangu na kuambiwa niitunze kama mke. Alisali kwa Kiluba cha Kasai, alitukana kwa Kiluba cha Katanga, alihesabu kwa Kifaransa, halafu akamgombeza kila anayechanganya lugha. Neno Bulaya alilipiga vita, lakini nyumbani kwake kulikuwa na sahani sita za udongo mweupe zenye maua ya buluu, alizonunuliwa na mumewe aliyekuwa dereva wa treni, na hakuna mtu aliyewahi kulia ndani yake. "Zile ni za Bulaya," alisema, na hapo neno lilitoka kinywani mwake laini kabisa.

Mara nyingi tulizungumza juu ya asili ya neno hilo. Yeye alikuwa na habari yake. Akiwa mtoto kambini, wazee wa reli waliwaambia kwamba Bulaya ndiko reli inakoishia. Watoto wakaamini kwamba baada ya Mwene-Ditu, baada ya Kananga, baada ya Ilebo na mto wake, kuna stesheni moja ya mwisho yenye ukuta mweupe, na pale ndipo vitu vyote visivyojulikana hupakiwa. Mumewe, aliyeendesha treni hadi Ilebo mara nyingi, alimwapia kwamba hakuna ukuta. Hakumwamini mpaka alipoolewa naye.

Mimi nilimweleza nilivyofundishwa na mwalimu wangu wa sekondari. Neno lile lilitoka kwa Waarabu, na maana yake ilikuwa utawala, au sehemu ya nchi iliyo chini ya mtawala mmoja. Lilisafiri baharini, likatumika kuitaja nchi ya wale wazungu waliokuja kutawala, likapanda bara pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, hadi likatufikia sisi. Na majirani zetu wa Tanzania hadi leo wana neno la ukoo huohuo, wilaya, na kwao ni kama territoire kwetu.

Alikuwa anachambua kunde. Akaacha.

"Unasema Bulaya njo territoire?"

"Mwanzoni, ndiyo, mama. Kitu kama hicho."

"Sawa Kaniama? Sawa Malemba?"

"Kama Kaniama."

Alizitazama kunde. Halafu akasema, "Basi wametutisha bure." Akaendelea kuchambua. Kesho yake nilisikia akimweleza muuza mkaa kwamba Bulaya ni territoire tu, kwamba ina msimamizi wake na karani wake na barabara mbovu. Muuza mkaa alimwambia amezeeka.

Sababu ya ugomvi wake na neno lile sikuielewa kwa miaka mitatu ya kwanza. Aliyenieleza ni Mama Ilunga, tukiwa tunaezua mabati yake ili niweke paneli.

Mama wa Mbegu alizaliwa Kamina. Baba yake alikuwa ameletwa na reli kutoka Kasai, akafia Kamina. Mumewe pia alizaliwa kambini. Hata hivyo, mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, hakuna aliyeuliza mtu kazaliwa wapi. Waliitwa wageni, kisha wakaitwa kwa jina la wadudu. Yeye, mumewe na watoto wanne walikaa stesheni chini ya turubai, pamoja na maelfu ya wengine, wiki tano nzima wakingoja treni ya kuwapeleka "kwao", mahali ambapo yeye alikuwa hajapaona hata siku moja. Mtoto wa mwisho, msichana wa miaka mitatu, alikufa kwa kuhara pale stesheni. Walimzika Kamina asubuhi, na treni ikaja wiki hiyohiyo.

"Na wewe, mama?" nilimwuliza Mama Ilunga. "Ulikuwa wapi?"

Alishika bati kwa mikono miwili. "Minyi nilikuwa njiani, naimba batoke, pamoja na bengine. Niseme uongo juu ya nini? Niliimba. Halafu jioni nilikwendaka kumwagilia bustani yake. Kila jioni. Maharagi ilikuwa na maua." Akaniangalia. "Usiniulize tena, fundi."

Mume alifariki Mwene-Ditu baada ya miaka miwili, bila kazi, bila treni. Mama wa Mbegu akawaacha watoto watatu kwa dada wa marehemu, akarudi Kamina peke yake, kwenye kaburi la yule wa nne. Nyumba yao ya kambi ilikuwa na watu wengine. Mama Ilunga alimpa kipande cha mwisho cha kiwanja chake, na gunia nusu la maharagi yaliyotokana na yale ya mwaka ule, yakiwa yamepandwa na kuvunwa kila msimu ili yasipotee. Walikaa jirani miaka yote hiyo, wakigombana kila siku juu ya kuku na majivu. Juu ya kuimba hawakuwahi kugombana. Sijui kama walikuwa wamesameheana.

Alisema atawachukua watoto mambo yakitulia. Mambo yalitulia polepole sana. Watoto wakawa watu wazima hukohuko.

Mwanawe mkubwa alikuja mwaka huu, mwanzo wa kiangazi. Tulikuwa na umri mmoja, mimi na yeye. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo za mitumba Mwene-Ditu, mtu mrefu, mpole wa sauti, viatu vimepigwa rangi hata baada ya safari. Alisalimia kila mtu. Aliponifikia mimi, alinitazama kuanzia miguu.

"Weye njo fundi?"

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Unakulaka bukari ya mama yangu miaka kumi na moja." Alitabasamu. "Iko muzuri?"

Nikampokea begi lake.

Hakuficha kilichomleta. Mama amezeeka, alisema mbele yetu sote. Mwaka jana alianguka kando ya kisima, na habari ilimfikia mwanawe baada ya mwezi. Akifa huku, nani atamzika? Watu wa Mwene-Ditu watasema watoto wamemtupa. Chumba kipo, kitanda kipo, wajukuu saba hawajamwona bibi yao. "Mamu, turudi kwetu."

"Kwetu wapi?" aliuliza mama.

"Mamu, unajua."

"Sijui. Nilizalikaka hapa. Mutoto yangu iko hapa ndani ya udongo. Kule nilikaa miaka mbili, na kila mutu aliniita wa Katanga."

Siku hiyo alipika kama anavyopika mtu aliyesubiri miaka. Aliwaita majirani. Chungu kilikuwa kile cha sombe na soya, na pembeni boga la mistari ambalo lilikuwa limeingia ndani ya mlango msimu uliotangulia. Mwana alikaribishwa wa kwanza. Akafunua kifuniko, akainama, akauliza kwa adabu kabisa, kama mgeni yeyote mwema:

"Mamu, nini hii?"

Waliokuwa wananawa waliacha. Mama Ilunga alijaribu mzaha, akasema chungu kimeanguka mtihani, lakini hakuna aliyemsaidia kucheka. Mama wa Mbegu alimjibu mwanawe: hii soya, hii sombe, hii boga ya kutoka Malemba. Alimweleza moja moja, taratibu, mpaka mwisho. Halafu akampakulia.

Treni ya Kasai ilikuwa bado. Mwana akangoja wiki tatu. Ilikuwa wakati wa kumalizia maharagi, na kila asubuhi alivua viatu vyake na kumsaidia mama yake kung'oa na kupura. Asubuhi ya nne au ya tano nilikuwa juu ya ngazi, nikifuta paneli, nao walikuwa chini yangu wamekaa juu ya gunia. Hawakujificha, nami sikuteremka.

"Nilikuwa na miaka kumi na moja," alisema mwana. "Kila treni ya kutoka huku, nilikwendaka ku gare. Nilikuwa natafuta kitambaa yako ya manjano."

Mama aliendelea kumenya maganda. "Nilituma mbegu. Kila mwaka. Kwa mikono ya banamasinisti ya treni, barafiki ya baba yako. Maharagi ya kwetu. Hamukupata?"

"Tulipata."

"Ilimea?"

"Mamu, tuliikula."

Mikono yake ilisimama.

"Tulikaa ndani ya salle ya shule, familia makumi na makumi. Chini ilikuwa saruji. Tungepanda wapi? Tantine, dada ya baba, aliichemsha. Kila mwaka tulikuwa nafurahi, tunasema, Mamu ametuma chakula." Aliokota harage moja, akaligeuza kwenye kiganja. "Ilikuwa kidogo. Siku moja tu, inaisha."

Nilikuwa nimemwona mwanamke huyu akimrudisha mtu wa serikali nyumbani kwa sababu hakuleta udongo. Nilikuwa nimemwona akionja udongo wa wageni, wa walevi, wa watu aliowachukia. Sasa alikuwa amekaa juu ya gunia na maganda mapajani. Mwanawe alikuwa ametaka kumwumiza, nadhani, kwa miaka thelathini; alipofanikiwa, akashika kifundo cha mguu wa mama yake, akakishikilia tu.

"Sikuuliza," alisema mama mwishowe. "Kila mutu namuuliza udongo. Batoto yangu, sikuuliza."

Siku hiyo hakwenda kisokoni. Wala siku iliyofuata. Ya tatu alitutangazia kwamba atakwenda Mwene-Ditu kuwaona wajukuu na kukaa nao kiangazi chote, na mvua za kwanza zitamkuta Kamina. Alisema hivyo mbele ya shefu wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, na mwana akatikisa kichwa kukubali.

Lakini jioni ileile, tukisukuma baiskeli kuelekea stesheni kuulizia treni, mwana aliniambia ukweli wake. "Hatarudi. Mwili yake haiwezi safari mbili. Nimeshaongea na shefu, kiwanja kitarudia kwa Mama Ilunga. Usimwambie, fundi. Nakuomba sawa ndugu."

Sikumwambia. Nilijitetea kwamba si damu yangu, kwamba mtoto ana haki kuliko mpangaji, na kwamba mtu aliyekula bukari ya mwenzake miaka kumi na moja hana sauti. Yote ni kweli. Lakini sababu kubwa ni kwamba miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha tena, kama ilivyonifanyia Kalemie na Likasi na Lubumbashi, na mtu anayejiandaa kuondoka hapendi kuanzisha kesi. Nikafunga vyombo vyangu. Kananga ilikuwa bado inaningoja, nilijiambia, ingawa hakuna mtu hata mmoja Kananga aliyekuwa ananijua.

Treni ilifika Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekata tiketi ya treni hiyohiyo, behewa la nyuma. Nilimbebea Mama wa Mbegu kikapu cha sahani zake nyeupe, ambazo alikuwa amezifunga kwa vitenge sita, moja moja, ili wajukuu walie chakula ndani yake. Mbegu aliziacha zote kibandani. Mama Ilunga alitusindikiza hadi kwenye jukwaa, amevaa nguo zake za kanisani.

"Kuku yako nitazichinja," alimwambia.

"Jaribu."

"Nitazichinja zote, nikule na majivu yako."

"Jaribu, nitakuya kukuonyesha."

Kisha Mama Ilunga akapiga magoti kwenye changarawe, mwili wake mzito wote, kama wanavyopiga magoti Waluba mbele ya mtu wa heshima, akapiga makofi mawili ya taratibu. "Wafwako," alisema, neno la shukrani la Kiluba. Mama wa Mbegu alimtazama. Naye akashuka, kwa shida, akishikilia mkono wangu, mpaka magoti yake yakagusa changarawe mbele ya yale mengine. Akarudisha makofi mawili. Ilibidi watu wawili wawainue.

Mwisho wa jukwaa, kabla ya kupanda, kulikuwa na meza ya afisa wa uhamiaji anayeandika wasafiri wanaotoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Kijana safi, miwani, kalamu mbili mfukoni. Mwana alitoa kadi za wawili. Afisa alisoma jina la mama, jina la Kasai, akatabasamu kwa wema.

"Ah, Mama. Unarudia kwenu sasa."

"Apana," alisema Mama wa Mbegu.

"Hapa imeandikwa Mwene-Ditu."

"Ndiyo. Naenda kwa batoto yangu, bugeni. Kwetu njo hapa. Andika vile."

Afisa alimtazama mwana, akamtazama mama, akacheka kidogo kwa kutojua. Watu nyuma yetu walianza kusukumana. "Bon. Tuseme ni matembezi. Kama ni matembezi, naandika siku ya kurudi. Unarudi lini, Mama?"

Nilidhani atasema mvua za kwanza. Alikuwa amezisema kila siku kwa wiki nzima. Hakuzisema. Alimgeukia mwanawe taratibu, akamtazama usoni, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa amejua tangu mwanzo; kwamba alipiga magoti pale kwenye changarawe akijua.

"Muulize huyu," alisema.

Mwana alikuwa amesimama na kikapu cha sahani mikononi, maana nilikuwa nimemkabidhi. Injini ilipiga honi. Aliangalia treni, akaangalia meza, akaangalia viatu vyake vilivyokuwa vimejaa vumbi la Kamina. Alipumua kwa mdomo, kama mtu anayepandisha mzigo kichwani.

"Andika Septemba," alimwambia afisa.

"Septemba tarehe ngapi?"

"Andika mwanzo wa Septemba. Nitamuleta minyi mwenyewe."

Mama wa Mbegu hakumshukuru. Alipandisha kidole kimoja chini ya kitambaa cha manjano, akakuna. Kisha akamshika mwanawe kiwiko, wakapanda.

Zamu yangu ikafika. Afisa alichukua kadi yangu, akaandika jina, akaandika Kalemie, akaandika Kananga.

"Na weye, Papa? Retour?"

Nilitazama nyuma. Mama Ilunga alikuwa bado amesimama jukwaani, akipangusa changarawe kwenye magoti ya gauni lake. Nilimwambia afisa aiache wazi nafasi ile. Akasema nafasi ya wazi hairuhusiwi, lazima kuwe na kitu.

Akangoja kidogo, kisha akachora mstari kwenye nafasi ya kurudi, akagonga muhuri, akamwita aliyenifuata.